Baba ananitumia picha za dole gumba lake

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Edinburgh, Scotland. Nina miaka saba huku, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazazi wangu wako Tanga. Baba ana miaka 63, amestaafu kazi ya reli, na hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu utaona linamuumiza kiasi gani.

Mwaka juzi alilala mzima, akaamka saa nane za usiku akipiga kelele kwamba ameumwa na nge. Mama alimulika uvunguni, wakakung'uta shuka, hakuna kitu. Kulipokucha dole gumba la mguu wa kulia lilikuwa limevimba, ngozi imevutika inang'aa, na la moto ukilisogelea na mkono. Zilipita siku kumi likapoa lenyewe. Tangu hapo limerudi mara tano, na safari hii limeingia na kwenye kifundo cha mguu wa pili. Mama amekata boksi la sabuni, akalitoboa pembeni, analiinamisha juu ya mguu usiku ili chandarua kisimguse. Nililiona boksi hilo kwenye simu nikalia.

Zahanati alikwenda mara moja tu. Wakamwambia ni jongo, yaani gauti, wakampa vidonge vya kutuliza maumivu na karatasi ya kwenda kupima damu hospitali kubwa. Hakwenda. Badala yake ananitumia mimi picha. Kila asubuhi nikiamka nakuta dole gumba, upande huu, upande ule, na sauti yake: "Wewe si unakaa na wagonjwa Ulaya? Niambie ninywe nini." Mama, mimi si nesi. Naogesha wazee, nawalisha, nawageuza kitandani.

Kuna baba mdogo aliyemletea unga kutoka kwa muuzaji wa stendi. Upo kwenye nailoni, hauna maandishi yoyote. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Nikiri kwamba unamsaidia. Siku ya pili tu alitembea hadi msikitini. Ni miezi minane sasa anautumia, maumivu yakija huwa madogo, hata tukipigiana simu ya video naona uso umejaa, umekuwa wa mviringo, mashavu kama ya kijana. Kaka yangu anasema tumwache, dawa imemkubali.

Kinachomzuia kwenda hospitali ni vitu viwili. Kwanza mzee mmoja wa mtaani alimwambia jongo ukiufungia mguuni kwa sindano za hospitali hupanda moyoni, kwa hiyo auache utoke wenyewe. Pili ni aibu. Kwenye kijiwe cha kahawa wanamtania kwamba huo ni ugonjwa wa wafalme, kiinua mgongo kimemponza, nyama choma na bia za kujificha. Yeye anayekunywa chai ya mchaichai! Ameacha kwenda kijiweni.

Sasa swali langu. Hapa Edinburgh, miaka ya 1700, alikuwepo daktari bingwa anaitwa William Cullen. Barua zake zimewekwa kwenye intaneti, mtu yeyote anazisoma bure, na mimi huzisoma kwenye basi nikienda zamu ya usiku. Wagonjwa walimwandikia kutoka mbali, wengi wana jongo, naye akawajibu bila hata kuwaona. Nikajiuliza, kama bingwa yule alitibu kwa barua, mimi nina kamera na simu, kwa nini nisimtibu baba yangu? Nimefikiria kununua dawa huku nimtumie kwa mtu anayekuja likizo. Nifanye, au nitakosea?

Binti wa Mbali, Edinburgh

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza ukiwa mbali.

Nianze na jambo uliloliandika kwa furaha, maana ndilo lililonifanya niweke barua yako juu ya nyingine zote. Umesema uso wa baba umejaa na kuwa mviringo, ukadhani ni afya. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu, na uso wa namna hiyo kwa mtu anayekula unga usio na jina kwa miezi minane unanitia hofu. Kuna dawa zinaitwa steroidi. Hospitalini tunazitumia, tena zinamsaidia sana mtu aliyeshikwa na jongo, kwa siku chache na kwa kipimo. Lakini wapo wauzaji wanaozisaga wakazichanganya na majani, kisha wakaita mitishamba. Mgonjwa anainuka siku ya pili na kumsifu muuzaji kwa watu. Akiendelea miezi na miezi uso unajaa, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofu, na mwili wake wenyewe unaacha kutengeneza steroidi yake ya asili.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomo kwenye nailoni ile. Ila dalili uliyoitaja inatosha kumpeleka mtu hospitali wiki hii hii. Na tafadhali usimwambie autupe unga leo. Aliyezitumia dawa hizo muda mrefu akizikata ghafla anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikashuka, hata akafa. Aende nao mfukoni, amwonyeshe daktari, amweleze ameanza lini na anakula kijiko kipi. Kama ni wa kuachwa taratibu, daktari ndiye atakayepanga hatua zake.

Hilo likikaa sawa, tuje kwa daktari wako wa Edinburgh.

Barua yako ilinikalisha siku mbili nikisoma habari zake, na nakushukuru, kwani nilikuwa namjua kwa jina tu. Cullen alizaliwa 1710 akafa 1790. Alikuwa profesa maarufu wa utabibu, na barua za wagonjwa zilimfikia kutoka Scotland yote, Uingereza, hata ng'ambo ya bahari. Jambo lililotuachia hazina hii ni utaratibu wake wa kutunza nakala ya kila jibu alilotuma. Mwanzo zilinakiliwa kwa mkono. Kuanzia 1781 akatumia mashine ya kunakilia iliyobuniwa na James Watt, yule yule wa injini ya mvuke. Ndiyo maana leo Chuo cha Kifalme cha Madaktari hapo Edinburgh kina maelfu ya barua zake, nawe unazisoma kwenye basi.

Lakini hebu tazama vizuri kilichomo ndani ya barua zile, mwanangu, kwa sababu nadhani umesoma upande mmoja. Wewe umemwangalia Cullen akijibu. Mimi nimewaangalia waliomwandikia. Mara nyingi mgonjwa hakuandika mwenyewe. Aliandika mume, au kaka, au mchungaji wa kijiji, au daktari mdogo wa hapo kijijini aliyekuwa amemshika mgonjwa mkono na kumwangalia ulimi. Walieleza umri, umbo, chakula, usingizi, choo, ugonjwa ulianza lini na ulirudi mara ngapi, dawa gani zilishatumika na zilifanya nini. Bingwa hakumwona mgonjwa, ni kweli. Ila mara nyingi palikuwa na macho ya mtu aliyemwona, na kalamu ya mtu aliyempenda.

Mahali pako ni hapo. Usikae kwenye kiti cha Cullen. Kaa kwenye kiti cha yule ndugu anayeandika.

Na nikwambie kwa nini kiti cha Cullen hakikufai, hata kama ungekuwa nesi. Yeye mwenyewe alitibu kwa barua kwa sababu kuona mguu kusingemwongezea mengi. Hapakuwa na kipimo cha damu. Mwaka 1776 ndipo Scheele kule Sweden alipogundua asidi ya yuriki, taka ya mwili inayotolewa na figo, kwenye mawe ya mkojo. Mwaka 1797, Cullen ameshazikwa, Wollaston wa Uingereza akaonyesha kwamba vinundu vya jongo vimeumbwa na chumvi ya asidi hiyo. Na ni 1848 ndipo Alfred Garrod wa London alipoonyesha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo imezidiwa na asidi ya yuriki. Baadaye akatengeneza kipimo ambacho mimi hukipenda kwa urahisi wake: maji ya damu kwenye kisahani cha kioo, tone la asidi kama ya siki, na uzi mmoja wa kitani uliolazwa humo. Ukiuacha kwa siku moja au mbili, fuwele zinaushika uzi ule kama sukari inavyoshika kijiti. Ukiona fuwele, ni jongo.

Kabla ya hapo tabibu hakuwa na la kupima. Cullen aliamini ugonjwa huu unatoka kwenye mishipa ya fahamu na umbile la mtu. Ushauri wake wa kila siku ulikuwa kupunguza nyama na kufanya mazoezi ya mwili, na mguu ukiwaka, dawa iliyosifiwa na watu wa wakati ule ilikuwa subira na flana, yaani kuuzungushia kitambaa cha sufu na kungoja. Thomas Sydenham, daktari mkubwa wa London wa karne iliyotangulia, alikuwa naye mgonjwa wa jongo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1683 alieleza shambulio lake kwa namna ambayo ukiisoma utafikiri alikuwa chumbani kwa wazazi wako: mtu analala mzima, mnamo saa nane za usiku anashtuliwa na maumivu kwenye dole gumba, na hawezi kuvumilia uzito wa shuka wala mtikisiko wa mtu anayetembea chumbani. Hakuwa na chandarua, ila boksi la mama yako angelielewa mara moja. Mpe mama hongera zangu. Boksi lile ni uuguzi mzuri.

Sasa unga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu zamani walishapita njia hii na iliwagharimu.

Miaka ile ile ya Cullen ulikuwepo unga uliovuma Uingereza yote, ukiitwa unga wa Duke wa Portland, mkabaila mkubwa wa huko. Duke mwenyewe alisemekana kuponywa nao jongo, akachapisha maelekezo yake ili maskini na tajiri waupate. Ulikuwa mizizi na majani machungu yaliyosagwa, unakunywa kila asubuhi kabla ya kula, mwezi baada ya mwezi. Na watu walipata nafuu! Cullen aliwafuatilia aliowajua. Akaandika kwamba wale walioumaliza muda wote ulioagizwa waliachwa na maumivu ya viungo, kisha haukupita muda wakashikwa na kiharusi, au pumu, au mwili kujaa maji, wakafa.

Miongoni mwa mizizi ya unga ule ulikuwemo wa mmea wa jamii ya Aristolochia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliopewa dawa ya mitishamba ya kupunguza unene walianza kuharibikiwa na figo mmoja baada ya mwingine, na chanzo kilikuwa mmea wa jamii hiyo hiyo. Unaharibu figo na unaleta saratani ya njia ya mkojo. Watu wa unga wa Portland waliunywa wakiamini wanajitibu, na mgonjwa wa jongo ndiye hasa asiyetakiwa kuchezea figo zake, maana figo ndizo zinazotoa asidi ya yuriki mwilini.

Kaka yako akisema dawa imemkubali baba, msimulie habari hii polepole bila kumgombeza. Nafuu ya mguu ni nafuu ya mguu tu. Haituambii figo zinasemaje.

Naomba lakini usinielewe kwamba nadharau majani. Ningekuwa mwongo. Dawa moja ya jongo tunayoitumia mpaka leo ilitoka kwenye unga na maji ya siri kama hayo. Katika miaka ya 1780 afisa wa jeshi la Ufaransa aitwaye Husson aliuza maji ya dawa yaliyokata maumivu ya jongo kwa saa chache. Kilichomo akakificha. Watu wakubwa waliyatumia, akiwemo Sir Joseph Banks, rais wa jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Walioyazidisha walitapika na kuhara mpaka wakaogopa kufa. Mwaka 1814 daktari mmoja wa London, John Want, akatangaza kwamba siri ile ni mmea wa kolkikamu, ambao matabibu wa Ugiriki na wa Kiarabu walishaujua kwa viungo karne nyingi kabla. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou wakatenga kiini chake. Leo kinaitwa kolkisini, kinapimwa kwa vipande vidogo vya miligramu. Ukijua kilichomo na kipimo chake, unamsaidia mtu. Usipojua, ni mmea unaoweza kuua, na hata kidonge chake kinaweza kumuua mtu mwenye figo mbovu au anayekula dawa fulani pamoja nacho. Kwa hiyo usimtumie baba dawa kwa mtu wa likizo, hata kama umeinunua duka safi kabisa. Hujui figo zake, na bila kujua figo hakuna wa kumchagulia dawa ya jongo, mimi nikiwemo.

Nije kwenye hofu ya kupanda moyoni. Mzee wa mtaani hajaitunga. Madaktari wa Ulaya waliiamini kwa dhati karne nyingi. Walisema jongo ni uchafu ambao mwili unausukuma nje hadi ncha ya mguu, na ukiuzuia pale utarudi tumboni, kichwani au moyoni. Wengine walidiriki hata kuwapongeza wagonjwa, kwamba ukiwa na jongo umeepushwa na magonjwa mabaya zaidi. Ndiyo sababu waliogopa maji ya baridi mguuni kama sumu. William Harvey, yule aliyegundua mzunguko wa damu, hakuwasikiliza: alikaa juu ya paa la nyumba wakati wa barafu, miguu wazi, akaitia kwenye ndoo ya maji. Watu walimshangaa. Leo tunawaambia wagonjwa waweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kama 20, na inawapunguzia. Mama anaweza kuanza leo, hapo nyumbani.

Mimi naona, na haya ni mawazo yangu, kwamba unga kama ule wa Portland ndio uliowapa hofu hiyo nguvu. Mgonjwa alipona mguu, kisha akafa kwa kujaa maji. Wakasema, mmeona? Umeingia ndani. Kumbe huenda ni unga uliomaliza figo. Baba aelezwe hivi: ugonjwa hauhami kutoka dole kwenda moyoni kwa kutibiwa. Asidi iko kwenye damu yote tangu mwanzo, dole ni mahali tu inapoganda na kuwa fuwele kali kama chembe za kioo, kwa kuwa ncha za mwili ni baridi. Ukweli ni kwamba watu wenye jongo wengi wao wana presha, figo au moyo wenye matatizo, kwa hiyo anayeogopa moyo wake ana sababu moja zaidi ya kwenda kupimwa.

Na aibu. Hili limeniuma kuliko yote. Baba wa watu ameacha kwenda kunywa kahawa na wenzake kwa ajili ya masimango yaliyotungwa Ulaya kwa ajili ya matajiri wa Ulaya. Ni kweli wafalme waliugua. Mfalme Charles wa Tano aliyeacha kiti chake Brussels mwaka 1555 na 1556 alikuwa amelemazwa na jongo, na kipande cha kidole chake kilichohifadhiwa kilipopimwa karne yetu hii kikaonyesha fuwele. Lakini Garrod yule wa uzi na kisahani alipowahesabu wagonjwa wake wa hospitali ya London alikuta angalau robo yao wameathiriwa na madini ya risasi, wengi wao mafundi bomba na wapaka rangi. Vibarua! Walikuwa wakishika madini ya risasi kila siku, risasi ikaharibu figo, figo zikashindwa kutoa asidi. Mvinyo wa matajiri nao mara nyingi ulikuwa na risasi.

Bia inachochea, siwezi kuficha, na nyama nyingi, maini, dagaa, soda na juisi zenye sukari. Ila sehemu kubwa inatokana na damu ya ukoo na kazi ya figo. Mtu anaweza kula mchicha maisha yake yote akaupata. Na wewe hukuniandikia kama baba ana presha. Uliza. Wazee wengi wa umri wake wanakula kidonge cha presha kile kinachokojosha, na kidonge hicho kinazuia asidi ya yuriki isitoke. Ikiwa anakila, asikiache mwenyewe hata siku moja, presha itamuua haraka kuliko jongo. Daktari aambiwe, anaweza kukibadilisha.

Akifika hospitali watafanya nini? Watampima asidi ya yuriki. Kama kipimo kitachukuliwa siku mguu unawaka kinaweza kusoma kawaida, asikate tamaa, kirudiwe baada ya wiki mbili au zaidi. Watapima figo, presha, sukari. Kwa kuwa mashambulio yamefika sita na sasa yanakamata kiungo cha pili, nategemea watazungumza naye kuhusu alopurinoli, dawa iliyotoka kwenye maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings huko Marekani na kuanza kutumika miaka ya 1960. Hii haitulizi maumivu ya leo. Inashusha asidi taratibu mpaka fuwele za zamani zinayeyuka, na shabaha ni chini ya miligramu 6 kwa kila desilita ya damu. Inaanzwa kwa kipimo kidogo. Miezi ya mwanzo mguu unaweza kuwaka tena, na hapo ndipo wengi wanapoitupa wakisema imewazidishia. Asiitupe, atapewa kitu cha kumkinga kipindi hicho. Ila akiona vipele au ngozi kuchubuka, au vidonda mdomoni, aiache siku hiyo hiyo na arudi. Na kiungo kikivimba pamoja na homa na kutetemeka, asingoje asubuhi. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na inafanana sana na jongo.

Nimesema kazi yako ni kuandika. Umekaa na picha za miezi na miezi kwenye simu, kila moja ina tarehe. Hakuna daktari wa Tanga mwenye kumbukumbu nzuri kama hiyo. Kaa nazo usiku mmoja, andika ukurasa mmoja, mtumie kaka auchapishe na aende na baba. Kaka mwenyewe aende, si mtoto wa jirani. Nimekuanzia, uijaze na kuirekebisha:

"Kwa Daktari. Mimi ni binti wa mgonjwa, niko mbali. Baba ana miaka 63, mstaafu wa reli. Shambulio la kwanza lilikuwa mwaka juzi, usiku, dole gumba la mguu wa kulia, lilikaa siku kumi. Yamerudi mara tano, tarehe zake ni hizi. La mwisho limeingia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Zahanati walisema ni jongo na wakaagiza kipimo cha damu, hakijafanyika. Kwa miezi minane anakula unga huu aliobeba, kijiko kimoja kila asubuhi, hatujui kilichomo. Uso wake umebadilika tangu alipoanza, nimeambatanisha picha ya kabla na ya sasa. Dawa nyingine anazokula ni hizi. Anaogopa kwamba akitibiwa mguu ugonjwa utahamia moyoni, naomba mumweleze. Pombe hajawahi kunywa, naomba mumwamini."